Kutenganisha taka kwenye chanzo: maana yake nini hospitalini?

Mtoto ana homa tangu jana, na mama yake amemleta kwenye zahanati ya kijiji kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Mtoa huduma anavaa glovu, anapangusa kidole kwa pamba yenye spiriti, anachoma, anakamua tone la damu na kuliweka kwenye kipimo cha haraka cha malaria. Kama robo saa hivi jibu linatoka. Mtoto anapewa dawa, anaondoka. Mezani vimebaki kisindano kilichomchoma kidole, pamba yenye damu, kipimo chenyewe, glovu, na vikaratasi na vifuko ambamo vitu vyote hivyo vilifungashwa.

Kutenganisha taka kwenye chanzo ni kuamua, palepale mezani na kwa mkono uleule uliovitumia, kila kimoja kati ya vitu hivyo kiende kwenye chombo gani. Kisindano kinaingia kwenye kisanduku cha usalama, kile cha karatasi ngumu ambacho wengi tunakiita sefti boksi. Pamba, kipimo na glovu vinakwenda kwenye chombo cha njano, cha taka zenye maambukizi. Vikaratasi na vifuko ni taka za kawaida, hivyo vinakwenda kwenye chombo cheusi au cha bluu. Kuna na chombo chekundu, cha taka zenye maambukizi makali kama kondo la nyuma na vipande vya mwili, lakini hicho utakikuta zaidi leba, chumba cha upasuaji na maabara.

Neno linaloeleweka vibaya hapa ni "chanzo". Nimewasikia hata watu wa fani yetu ya afya mazingira wakidhani chanzo ni hospitali, kwamba taka zikikusanywa zote na kuchambuliwa nyuma ya jengo, karibu na kichomea taka, basi zimetenganishwa kabla hazijatoka kituoni. Sivyo. Chanzo ni kitanda cha mgonjwa, ni meza ya kuchomea sindano, ni toroli la dawa linalozunguka wodini. Taka ikishachanganywa haitenganishwi tena. Anayeingiza mkono kwenye mfuko wa taka kuchambua sindano na maganda ya ndizi anayaweka maisha yake rehani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila kilo 100 za taka za huduma za afya, kama kilo 85 ni taka za kawaida, zisizo na hatari zaidi ya zile za nyumbani. Zenye hatari ni kilo 15 hivi. Ukizitupa zote pamoja umejitengenezea kilo 100 za taka hatarishi, na zote hizo sasa zinahitaji mifuko imara, mtu aliyevaa vifaa kinga, na kuni au mafuta ya kuzichomea. Kwa zahanati ambayo hata mifuko ya njano inaisha kabla ya mwezi haujaisha, huo ni mzigo mkubwa sana. Tena Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo vidole vinachomwa kila siku, na kila kidole kinaacha kisindano.

Lakini gharama si jambo linalonisumbua zaidi. Linalonisumbua ni kwamba anayetupa na anayeumia ni watu wawili tofauti.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye kituo kimoja cha afya, mhudumu wa usafi alikuwa amebeba mfuko mweusi. Mfuko mweusi ni wa makaratasi na mabaki ya chakula, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi nao. Ulimgusa pajani, akahisi kama kaumwa na mdudu. Ilikuwa sindano. Alijifunga kanga vizuri, akaendelea na kazi. Aliniambia siku ya tatu, tena katika kuzungumza tu, kwa sababu ajira yake ilikuwa kwa mzabuni wa usafi na hakujua habari kama hiyo anampelekea nani.

Siku ya tatu ni karibu na mwisho wa muda. Dawa kinga dhidi ya VVU huanza mapema iwezekanavyo na isipite saa 72, kisha humezwa kwa siku 28. Tulimkimbiza akaanza siku ileile. Ilipofika habari ya homa ya ini ya aina B, ikaonekana hakuwahi kuchanjwa, ilhali wauguzi wa wodi ambayo mfuko ule ulitoka walikuwa wamechanjwa. Hilo linaniuma hadi leo. Kwa mtu asiye na kinga aliyechomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini B unaweza kufika watu 30 kati ya 100. Chanjo ipo, dozi 3 ndani ya miezi 6, na mtu wa kwanza kuipata alipaswa kuwa yeye.

Ukichomwa, osha mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usimwagie jiki. Mwambie msimamizi wako saa hiyohiyo na jina lako liandikwe kwenye rejesta ya matukio. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa kinga, na anayebeba taka anahitaji glovu nzito za mpira, gambuti na aproni. Glovu laini za kumpimia mgonjwa hazizuii sindano.

Kisanduku cha usalama nacho kina masharti yake. Kikae mkono unapofika, kwa sababu kikiwa upande wa pili wa chumba sindano itawekwa kwanza kitandani, na kitandani itasahaulika. Sindano iingie bila kurudishiwa kifuniko chake. Wengi hujichoma wakati wa kurudishia. Kikijaa robo tatu kinafungwa, hakisindiliwi. Nimeona mtu akikitikisa na kukigandamiza ili kipokee zaidi, na ncha zikachungulia ubavuni.

Baada ya hapo safari ni fupi. Kisanduku kilichofungwa hubebwa wima, kwa kushikwa juu, mpaka kwenye kichomea taka. Kichomea kizuri kina vyumba viwili, na joto lake linapaswa kuzidi nyuzi 800 ili moshi wenye sumu upungue. Moto wa kwenye shimo la wazi haufiki huko, hasa kati ya Novemba na Aprili, mvua ya Kigoma inaponyesha na unakuta asubuhi glovu zimeungua nusu na sindano zimebaki nzima, mahali ambapo kuku na watoto wanapita. Hata kwenye kichomea kizuri chuma hakiyeyuki. Kile kisindano cha yule mtoto mwenye homa kitatoka kimekuwa cheusi, hakina vijidudu vya ugonjwa, lakini ncha bado inachoma. Kwa hiyo majivu hayamwagwi shambani wala kwenye mfereji unaoelekea ziwani. Yanachotwa kwa koleo na mtu mwenye glovu nzito, yanatumbukizwa kwenye shimo la majivu lililosakafiwa, na mfuniko unarudishwa.