Chakula cha wafanyakazi mgahawani si makombo

"Mpishi hawezi kushinda na njaa." Anayesema hivyo hajawahi kusimama jikoni saa saba mchana, oda zinapomiminika. Kuonja mchuzi kwa ncha ya kijiko si kula. Tena waosha vyombo na wahudumu hata huko kuonja hawakupati; wanabeba sahani za watu tangu asubuhi, matumbo matupu. Ndiyo maana mgahawa unaojali huwalisha watu wake kabla ya mkupuo wa wateja, si baada ya mteja wa mwisho kuondoka.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba wafanyakazi wapewe kilicholala, eti moto unaua kila kitu. Chukua wali. Mchele huweza kuwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye chembe zake zenye ganda gumu hustahimili kuchemshwa. Wali ukilala sufuriani nje ya friji, chembe hizo huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo haiondoki hata uupashe wali mpaka utoe mvuke. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2: kiwekwe kwenye baridi, ikiwezekana chini ya nyuzijoto 5, au kibaki cha moto, juu ya 60.

Kupika masalio ya maandalizi ni jambo jingine kabisa. Shingo na migongo ya kuku, vichwa vya samaki wa leo, mboga zilizokatwa vibaya: mpishi mwenye moyo hutoa humo mchuzi mzuri wa kulia ugali. Kosa ni kumpakulia mhudumu kitu ambacho usingethubutu kumpelekea mteja. Akiugua tumbo, mikono yake ndiyo inayoshika sahani za wote.

Na asiseme mtu kwamba chakula hicho hakina hadhi. Tsukemen, tambi za Kijapani za kuchovya kwenye supu, zilitokana na mlo wa wapishi. Kazuo Yamagishi alianza kuwauzia wateja jijini Tokyo mwaka 1955, na leo zina migahawa yake maalumu.

Wapo pia wanaodhani kula ni hisani ya bosi, hivyo anaweza kunyima muda wa kula au kukata mshahara apendavyo. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60, isipokuwa kazi isiyoweza kuachwa bila mtu. Mshahara nao haukatwi kiholela: kwa kawaida ama sheria iruhusu, ama mfanyakazi akubali kwa maandishi kulipa deni. Uingereza wamekwenda mbali zaidi, kwani thamani ya chakula haihesabiwi kabisa katika kima cha chini cha mshahara. Marekani, kinyume chake, sheria ya shirikisho humruhusu mwajiri kuhesabu gharama halisi ya mlo, bila faida juu yake.