"Sikukipenda" si sawa na "ni kibaya"

Mbele ya vitabu vilivyotandazwa kando ya barabara hapa Lubumbashi, ubishi wa wasomaji huishia palepale: kila mtu na ladha yake. Eti kitabu ni kama sombe na matembele, unachukua unachopenda, basi.

Si hivyo. "Sikukipenda" ni habari ya msomaji. "Kimeandikwa vibaya" ni dai juu ya kitabu, na linahitaji ushahidi: wahusika wote wanaongea kwa sauti moja, au kisa kinaokolewa na bahati kwenye ukurasa wa mwisho. Chukua Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa jiji hili, riwaya iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 2014. Sentensi zake hurudiarudia kwa mapigo ya jazi. Anayetaka kisa kinyoofu atachoka, na ana haki. Lakini marudio yale yamepangwa. Kuchoka kwake hakuyageuzi kuwa uzembe.

Mwaka 1757 mwanafalsafa David Hume wa Scotland alitetea kuwepo kwa kipimo cha ladha: mazoezi, kulinganisha, kujiepusha na upendeleo. Hata hivyo alikubali kuwa, kati ya waandishi wa Roma ya kale, kijana wa miaka 20 humpenda Ovid, mtu wa 40 Horace, wa 50 pengine Tacitus.

Kwa hiyo ladha ina kazi, hasa wakati wa kununua. Faranga zikitosha kitabu kimoja tu (ndiyo hali ya wengi wetu), mimi huisikiliza kwanza. Ila nasoma kurasa mbili za katikati kabla ya kulipa, kwa sababu mwanzo hupambwa kwa ajili ya mnunuzi.