Je, wajua kwa nini kioo cha silikoni, ile ile inayotengenezea chipu za kompyuta, huinama mara bilioni bila kukatika?

Mkonga wa mawasiliano wa chini ya bahari uitwao TEAMS ulifika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, na mingine ikaufuata. Ndani ya mikonga hiyo habari husafiri kama mwanga. Ipo mitambo ya mawasiliano inayouhamisha mwanga kutoka uzi mmoja wa mkonga hadi mwingine bila kuugeuza kuwa umeme kwanza: vioo vya silikoni, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, huinama kidogo na kuupeleka mwale panapotakiwa. Kurt Petersen wa IBM alieleza kioo cha namna hiyo tangu mwaka 1980.

Kuinama kidogo kunatosha. Simama kwenye jua la Mombasa na kipande cha kioo mkononi. Ukikigeuza digrii 10, mwale unahama digrii 20.

Kioo na vijiti viwili vinavyokishikilia huchongwa katika kipande kimoja cha silikoni, na vijiti hivyo hujisokota kila kioo kinapoinama. Kioo kinachotikisika mara 20,000 kwa sekunde hufikisha mara bilioni moja kwa saa 14 hivi. Waya wa chuma ungekatika mapema, kwa sababu ndani ya chuma safu za atomi huteleza kidogo kila unapopindwa, na mitelezo hiyo hujikusanya ikawa ufa. Silikoni ya fuwele moja, yaani ambayo atomi zake zote zimepangika kwa mpango mmoja, haitelezi hivyo katika joto la kawaida. Hurudi ilivyokuwa, au huvunjika papo hapo. Basi mbunifu huhakikisha msokoto uko mbali na kikomo, na kingo za vijiti ni laini, maana mkwaruzo mdogo ndipo ufa unapoanzia.

Kazi ngumu zaidi, kwangu mimi, ni kuchagua ukubwa. Mwale hutawanyika zaidi kadiri kioo kinavyopungua. Kwa mwanga wa mikonga, ambao urefu wa wimbi lake ni takriban nanomita 1,550, kioo cha milimita 1 hutoa mwale unaopanuka milimita 2 hivi kwa kila mita; kioo cha sehemu ya kumi ya milimita hutoa unaopanuka sentimita 2. Mtu angesema basi tukikuze. Lakini ukiongeza kipenyo mara mbili kwa unene uleule, uzito wa kukizungusha unapanda mara 16, na kwa vijiti vilevile kasi ya kutikisika inashuka hadi robo. Ukikipunguza unene ili kipate wepesi, kinajikunja katikati ya mwendo na mwale unaharibika. Hapo ndipo mbunifu anapokaa siku nyingi na hesabu zake.

Silikoni tupu haifai kurudisha mwanga huo: sehemu kubwa hupenya. Hupakwa dhahabu, tabaka jembamba sana, kwani likizidi hukivuta kioo kikapinda.

Kinachokisukuma ni volti. Bamba lililo chini huvuta kwa nguvu inayozidi kadiri kioo kinavyokaribia, hadi kikanaswa nalo ghafla. Kwa hiyo, badala ya bamba, wengi huchonga meno kama ya chanuo yanayopishana bila kugusana, na mwendo unatulia.

Kisha kifuniko kisichopitisha hewa. Unyevu kidogo tu hunatisha sehemu ndogo kiasi hiki, na vumbi huziba nafasi kati ya meno. Kwa hewa ya pwani yetu, yenye chumvi na maji, kifuniko hicho ni sehemu ya ubunifu kama vijiti vyenyewe.