Je, wajua kwa nini watoto wa madikteta wengi hawamkani baba yao?

Mwaka 2009, miaka 30 baada ya Vita vya Kagera, Jaffar, mtoto wa Idi Amin, alifika Butiama akakutana na Madaraka, mtoto wa Julius Nyerere. Baba wa mmoja aliivamia Tanzania Oktoba 1978. Baba wa mwingine alitoa amri ya kumpiga mvamizi, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Idi Amin alikimbilia uhamishoni, akafia Jeddah mwaka 2003. Jaffar alikuja kutafuta maridhiano, lakini hajawahi kuacha kumtetea mzee wake hadharani.

Wengi hapo hushangaa, kwa kuwa tumezoea kutarajia moja kati ya mawili: ama mtoto wa nyoka ni nyoka, ama amkane baba na kubadili jina. Mifano ya pande zote ipo, tena wakati mwingine ndani ya ukoo mmoja. Gudrun, binti wa Heinrich Himmler, mmoja wa wakuu wa utawala wa Hitler, alimtetea baba yake hadi alipofariki mwaka 2018. Katrin Himmler, mjukuu wa ndugu yake Heinrich, aliandika kitabu cha kuianika familia hiyohiyo, na aliolewa na Mwisraeli. Niklas Frank, ambaye baba yake Hans, gavana wa Wanazi nchini Poland, alinyongwa Nuremberg mwaka 1946 kwa aliyoyatenda huko, hutembea na picha ya maiti ya baba huyo kwenye pochi, ili kujihakikishia kwamba amekufa kweli. Baadhi ya ndugu zake wa tumbo moja hawakumwelewa kabisa. Kwa hiyo damu haielezi kitu, na malezi nayo hayatoshi.

Mifano hiyo inavutia kwa sababu ni mikali. Kilicho cha kawaida zaidi ni ukimya, na aliyeuchunguza kwa subira ni Dan Bar-On, mwanasaikolojia wa Israeli aliyeanza mwaka 1985 kuwahoji watoto wa Wanazi. Aliuita ukuta maradufu. Mzazi hujenga ukuta kuzunguka aliyoyatenda. Mtoto anakulia nje yake: anajua sauti ya baba inabadilika wapi, anajua swali gani huharibu chakula cha jioni. Taratibu naye anajenga wa kwake, maana jibu lenyewe analiogopa. Miaka inapita. Mzee, pengine yu kitandani, anafungua dirisha upande wake. Anachokiona ni ukuta wa mwanawe. Mwana naye akija kufungua lake, la mzee limeshafungwa. Hakuna aliyesema uongo hata mara moja, na bado ukweli haukupita.

Kisha wanakuja wajukuu. Mtafiti Harald Welzer na wenzake walihoji familia 40 za Kijerumani, wakachapisha matokeo mwaka 2002: katika takribani theluthi mbili ya simulizi, babu na bibi walikuwa ama wahanga ama wapinzani wa Hitler. Bibi mmoja alieleza waziwazi hila alizotumia baada ya vita ili asipewe Wayahudi waliotoka kwenye kambi za mateso za Wanazi awahifadhi nyumbani kwake. Simulizi ilipomfikia mjukuu, bibi alikuwa shujaa aliyemficha mkimbizi. Mjukuu hakudanganya, alimpenda tu bibi yake.

Tahadhari: utafiti huo ni wa Ujerumani, na familia nyingi zilizohojiwa hazikuwa za wakuu wa nchi. Kuuhamishia Uganda moja kwa moja ni kubahatisha. Huko kuna mambo ambayo ukuta hauyaelezi, kama Taban Amin, mtoto mwingine wa nduli, aliyepewa cheo cha naibu mkurugenzi wa usalama wa ndani mwaka 2006 na serikali ya Yoweri Museveni, mmoja wa waliopigana kumng'oa Idi Amin. Tena tunaowasikia ni wale waliokubali kuhojiwa. Watoto wa Idi Amin hutajwa kuwa 40 au zaidi, na wanaosema hadharani ni wachache mno.