Ile seramu ya bluu na nywele za mbele

Juzi mama mmoja aliingia kliniki yangu hapa Nairobi, akafungua mkoba na kutoa chupa ndogo iliyoviringishwa kwa tishu. Seramu yake ilikuwa bluu kama ile bluu ya kufulia mashati ya shule. "Daktari, hii kweli itanirudishia nywele za mbele?"

Ubluu ule unatokana na shaba. Dawa yenyewe ni peptidi, kijimnyororo cha asidi amino tatu (glaisini, histidini na laisini) kilichoshika shaba. Kifupi chake ni GHK-Cu. Mwilini si mgeni, kimo katika damu yetu. Mmarekani Loren Pickart alikitambua mwaka 1973, alipokuwa akichunguza kwa nini seli za ini la wazee zikiwekwa kwenye plazima (majimaji ya damu) ya vijana hufanya kazi kama za vijana. Ukiwa na miaka 20 unacho kama nanogramu 200 katika kila mililita ya plazima. Ukifika 60 kimebaki kama 80.

Shaba ina kazi gani kwenye ngozi? Fikiria mkeka. Ukili unaweza kusukwa vizuri kabisa, lakini usiposhonwa ukili kwa ukili hakuna mkeka. Nyuzi za kolajeni na elastini ndizo ukili wa ngozi, na mshonaji ni kimeng'enya kiitwacho lisili oksidasi, ambacho bila shaba hakifanyi kazi. Ndiyo maana watoto wenye ugonjwa wa Menkes, ambao miili yao hushindwa kusafirisha shaba, ngozi yao hulegea na nywele hujisokota na kukatika. Ukiwahi kumwona mtoto huyo, huwezi tena kuidharau shaba.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ushahidi wa GHK-Cu ni ya maabara na wanyama. Majaribio kwa binadamu yapo, ila ni madogo. Kwa mikunjo na ngozi iliyochoka naona inafaa kujaribiwa. Kwa upara wa kurithi, minoksidili, dawa ya nywele ya kupaka kichwani, ina ushahidi mzito zaidi.

Nikamwashia mama yule taa, nikashika lenzi. Amesuka rasta za kubana miaka mingi. Panda la uso upande wa kulia lilikuwa laini, linang'aa, halina hata kitundu kimoja cha nywele. Pale mashina yamekufa na kovu limechukua nafasi. Hakuna seramu itakayoyafufua, na nilimwambia hivyo, ingawa iliniuma. Kushoto palikuwa na vinywele vifupi, vyembamba, vimejipanga ukingoni. Hapo bado pana uhai.

Dawa ya kwanza ni kuacha kuvuta nywele kwa kusuka, nikamwambia. Seramu aendelee nayo usiku, na ile ya vitamini C aipake asubuhi, kwa sababu shaba huiharibu vitamini C zikikutana. Akaniuliza pia kuhusu sindano za peptidi hiyo, maana ameona vichupa vya unga vikiuzwa mtandaoni. Vile vina lebo ya utafiti wa maabara tu. Hujui kilichomo wala kama ni safi, na ukishajidunga hakuna cha kunawa. Nilimsihi asiviguse.

Rasta alizifungua jioni ile ile. Atarudi baada ya miezi mitatu, nipige picha tena upande wa kushoto.