Kuanza kulipa hakusimamishi makato ya mshahara papo hapo

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu: ukianza kulipa kwa hiari mkopo wa elimu wa serikali kuu ya Marekani ulioshindwa kuulipa, makato ya mshahara hukoma papo hapo. Sivyo. Mpango wa kuusafisha mkopo, yaani kuutoa katika hali ya kushindwa kulipwa, hudai awamu 9 ndani ya miezi 10, kila moja ilipwe ndani ya siku 20 za tarehe yake. Makato, hadi 15% ya mshahara uliobaki baada ya kodi na makato ya lazima, huendelea kando wala hayahesabiwi humo. Husimamishwa baada ya awamu ya 5. Kwa hiyo miezi hiyo unalipa mara mbili, na hapo ndipo wengi hukwama.

Mkanganyiko unatokana na barua ya onyo inayotumwa kabla ya makato: ukiafikiana na mdai jinsi ya kulipa ndani ya siku zake 30, makato hayaanzi kabisa. Linganisha mkataba wako na hati ya mshahara, na ujumbe huo usiusambaze.