Arobaini ya nini?

Juzi tena. Kikao cha dharura, surua imelipuka, dashibodi ya mfumo wa kompyuta, ile skrini ya akiba ya chanjo katika kila kituo, imemulikwa ukutani, na mkubwa mmoja ananyoosha kidole: "Kituo hiki kina 40, kile kina 400. Hamisheni." Nikauliza, arobaini ya nini? Watu wakanitazama kama nimetukana.

Tulipopiga simu, vituo vyote viwili vilikuwa na mzigo uleule. Mmoja kahesabu vichupa, mwenzake kahesabu dozi, na kichupa kile ni cha dozi 10. Gari lilikuwa limeshawashwa.

Nimechoka kuambiwa kwamba "mfumo unajua chanjo ziko wapi". Mfumo haujui kitu. Unakumbuka alichoandika mtu wa mwisho, basi, na huenda mtu huyo aliandika usiku, miguu inamuuma, amechanja tangu asubuhi.

Sina ugomvi na mifumo, ndiyo inayonilisha. Bechi (chanjo zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja), tarehe za kuisha muda, kutoa kwanza kinachokaribia kuharibika: hayo kompyuta inayafanya vizuri kuliko daftari, na siku bechi moja ikitiliwa shaka utashukuru. Tuendelee.

Kinachoniudhi ni kipimo cha kuhesabia. Kwenye jokofu hakukai dozi, kunakaa vichupa. Dozi ni hesabu tunayoifanya sisi, na hesabu hiyo hubadilika. Mwanzoni mwa 2021 kichupa cha chanjo ya Pfizer ya UVIKO-19, kilichokuwa kikihesabiwa dozi 5, kikaruhusiwa kuhesabiwa 6, ilimradi utumie bomba la sindano lisilobakiza dawa nyingi ndani. Yaani akiba iliongezeka kwa moja ya tano bila boksi hata moja kusogezwa. Aliyekuwa na mabomba ya kawaida alibaki na 5 zake, hata kama skrini ilimhesabia 6.

Surua ndiyo inayonimaliza. Chanjo yake ni unga, unachanganywa na maji yake maalumu, na ukishachanganya una saa 6 tu, baada ya hapo unamwaga. Wamekuja watoto 4? Unafungua kichupa, unachanja 4, nafasi za watoto 6 zinakwenda na maji. Sasa mfumo uliokuwa na dozi 40 unatoa watoto 4 na kukuambia zimebaki 36. Fungua jokofu uone: vichupa 3, yaani 30. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyezembea. Halafu kuna yale maji. Nimekuta mifumo inayohesabu unga kwa makini na kusahau maji kabisa, kwa hiyo skrini ni ya kijani na mhudumu ameshika unga asioweza kumpa mtoto.

Na namba ikiwa sahihi, chanjo yenyewe yaweza kuwa imekufa. Kile kiduara chenye mraba ndani kinachobandikwa kwenye kichupa hubadilika rangi kwa joto tu. Chanjo ya homa ya ini B ikiganda inaharibika, na kiduara kinabaki kizuri vilevile.

Dawa nazo zina balaa lao. Kituo kilichoishiwa mwezi mzima hakikutumia kidonge hata kimoja. Fomula ya wastani wa matumizi inaona sifuri, inahitimisha kwamba hawahitaji, na inawapelekea kidogo. Angalau gawanya matumizi kwa siku ambazo dawa ilikuwepo. Na tafadhali, kisanduku kilichoachwa kitupu kwenye fomu si sifuri! Sifuri maana yake mtu kaenda stoo akakuta rafu tupu. Kitupu maana yake hujui.

Ila kwenye mlipuko hata hesabu hiyo inanikwama, maana mwezi jana haukuwa na mlipuko. Nimejaribu idadi ya wagonjwa, nimejaribu idadi ya watu, na mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, makisio ya mfamasia mzoefu yameishinda fomula yangu. Sijui nayaingizaje makisio yake kwenye programu.

Siku hizi fomu zangu zinauliza kitu kimoja tu: vichupa vilivyofungwa, ulivyovishika kwa mkono leo. Kuzidisha niachie mimi.

Gari lilizimwa, kwa taarifa yenu. Mkubwa akataka mfumo urekebishwe lisitokee tena. Marekebisho yalikuwa neno moja juu ya safu, "vichupa". Kuidhinishwa kwake kulichukua wiki 3.